Ndege wa Pemba na Mas-ala ya Uzla

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa Kiislamu wameyajadili karne baada ya karne pasipo kuyafikisha kikomoni, limo hili la uzla na khalta: je, ni bora mtu ajitenge na watu ili nafsi yake isafike, au ni bora achanganyike nao, avumilie maudhi yao, na achume kwao elimu na adabu ambazo mtu aliye peke yake hazipati? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitengea jambo hili kitabu kizima ndani ya Ihya yake, akazitaja faida za kujitenga moja baada ya moja, akazitaja na faida za kuchanganyika vivyo hivyo, kisha akakataa kutoa hukumu moja ya kuwaenea watu wote, kwa kuwa jibu, kwa rai yake, hufuata hali ya mtu mwenyewe, na hali ya hao atakaokuwa nao, na sababu iliyompeleka kwao au iliyomtoa kwao.

Suala hilo nataka kulipeleka kwa viumbe ambao hawakupata kuulizwa, nao ni ndege, waliotajwa katika Kurani kuwa ni umma kama sisi tulivyo umma. Nimewachagua kwa sababu moja. Mwanadamu akijitenga, hujitenga kwa miaka michache, naye huenda pangoni akiwa amekwisha kulelewa na watu, lugha yao i kinywani mwake na kumbukumbu zao zimo kichwani mwake, hata isiwezekane kujua kwa yakini ni lipi alilolipata kwa uzla na ni lipi alilokwenda nalo. Ndege wa kisiwani, ama yeye, ametengwa pamoja na wazee wake na wazee wa wazee wake kwa maelfu ya vizazi, bila ya kutaka wala kukataa, na jamaa zake walio bara wamebakia kule kule katika khalta yao, hivi kwamba sisi tulio nje twaweza kuwaweka hawa mkabala na wale tukaona uzla imefanya nini.

Na kwa bahati njema mfano ulio bora haututaki kusafiri mbali. Unguja na Pemba ni visiwa ambavyo aghalabu hutajwa pamoja, vya dini moja na lugha moja, vilivyotawaliwa na dola moja na kulisha walimwengu karafuu ile ile, na mtu asiyejua habari za bahari angedhani kwamba ndege wa kimoja ndio ndege wa cha pili. Lakini chini ya maji mna tofauti kubwa. Mlango wa bahari ulio baina ya Unguja na Mrima ni wa maji haba, na katika zama za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda na usawa wa bahari umeshuka kiasi cha mita 120 chini ya ulivyo leo, mlango huo ulikuwa nchi kavu, na Unguja ilikuwa ni pembe tu ya bara, ambapo chui aliweza kufika kwa miguu yake. Na alifika, kwani wazee wa Unguja walimjua chui wa kisiwa chao, wakamwogopa na kumtungia visa vya uchawi, hata ndani ya karne ya ishirini. Mlango wa Pemba si hivyo. Kina chake hufika mita 700 na zaidi, na lau bahari ingalishuka mara tano ya ilivyoshuka zama zile, bado isingaliweza kuukausha. Chui hakufika Pemba. Na natija ya tofauti hiyo, ambayo macho ya msafiri aliye sitahani hayawezi kuiona, ni kwamba Unguja, iliyo kubwa kwa eneo kuliko Pemba, haina hata aina moja ya ndege asiyepatikana popote pengine, ilhali Pemba, isiyotimia kilomita za mraba elfu moja, inazo nne.

Wa kwanza ni ninga wa Pemba, njiwa wa rangi ya majani mabichi, alaye kuyu na matunda mengine ya mitini. Wa pili ni bundi mdogo wa Pemba, wa rangi ya hudhurungi, asikikaye mara nyingi zaidi kuliko aonekanavyo. Wa tatu ni chozi, anyonyaye maji ya maua, mwenye manyoya yametayo kama wenziwe wa bara ila ana sura yake mwenyewe. Na wa nne ni kijindege cha rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, chenye duara jeupe la kulizunguka jicho, ambacho hakuna kichaka wala bustani ya Pemba utakayoipita ukakikosa. Bwana Pakenham, mtumishi wa serikali ya Unguja wakati wa Kiingereza, ndiye aliyemwandika bundi katika daftari za elimu ya Kizungu mwaka 1937, na ninga mwaka 1940. Waama Wapemba walikuwa wakimsikia bundi wao toka enzi na enzi, wala hawakungoja kuarifiwa kwamba yupo.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza la kuzingatiwa, kwa kuwa watu wengi wakisikia kwamba kisiwa kina ndege wa pekee hudhani kwamba kisiwa ni tajiri kuliko bara. Sivyo. Tanzania nzima ina aina za ndege zipatazo 1,100 na zaidi, na msitu mmoja wa bara ulio mkabala na Pemba, kando ya Tanga, una jinsi nyingi za ndege ambazo hazikupata kutia mguu kisiwani, hasa wale wachakuraji wa majani makavu chini ya miti, ambao hata mto mpana huwashinda kuuvuka, seuze bahari ya kilomita hamsini. Mlango wa bahari ni bawabu mkali, ampitishaye mmoja na kuwarudisha mia. Kwa hiyo kisiwa hupungukiwa na aina, lakini zile chache zilizopita hukuta nafasi tupu zilizoachwa na wasiofika, zikazaana, zikaenea mpaka mahali ambapo huko bara zisingalithubutu kugusa, kwa kuwa huko pangalikuwa na mwenyewe. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, waliyaweka mambo haya katika hesabu, wakaonyesha kwamba idadi ya aina za viumbe kisiwani ni mizani baina ya wanaowasili na wanaotoweka: kadiri kisiwa kilivyo mbali ndivyo wanavyopungua wawasilio, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo wanavyozidi watowekao. Hesabu hiyo tutairudia baadaye, kwa kuwa imebeba ndani yake swali ambalo si la hesabu.

Kadiri mtu anavyokwenda kusini na mashariki, mfano huzidi kudhihirika. Visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, vilichomoza baharini kwa moto wa volkano, wala havikupata kushikana na bara hata siku moja. Na kila kimoja kina bundi wake mdogo, asiye bundi wa kisiwa cha pili. Yule wa Nzwani alipotea machoni mwa wataalamu kwa zaidi ya miaka mia, wakadhani amekwisha, hata akaonekana tena mwaka 1992. Yule wa Mwali hakutambuliwa na elimu mpaka mwaka 1998. Tena tukumbuke kwamba baina ya visiwa hivyo majahazi yamekwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakazi wake wakaoana, wakauziana mchele na ng'ombe, wakasomeshana Kurani. Watu walivuka, bundi hakuvuka, na mbawa anazo. Na huko Bukini, yaani Madagaska, kisiwa kilicho kikubwa kuliko nchi nyingi, hakuna kigogota hata mmoja. Lakini kazi ya kigogota, ya kuwatafuta wadudu katika magome na mianya ya miti, haikukosa mtendaji, maana jamii moja ya ndege iitwayo vanga, waliotokana na mzee mmoja, wamegawana kazi zote hizo wao kwa wao, huyu akapata mdomo mnene wa kuvunjia, yule mrefu uliopinda wa kuchokolea, na mwingine akawa apanda shina kwa kulikwangua, hata mgeni asingesadiki kwamba ni ndugu.

Namna uzla inavyofanya kazi hii si ya miujiza, ingawa matokeo yake yastaajabisha. Ndege wachache husukumwa na tufani mpaka kisiwani, nao hawakuchukua katika damu yao ila sehemu ndogo ya yale yaliyomo katika damu ya umma mzima waliouacha. Kisha hapaji wengine wa kuwachanganya, na kila badiliko lizukalo, likifaa, hubaki na kuenea, ilhali huko bara lingalizamishwa katika wingi wa ndege. Chakula ni kingine, maadui ni wengine au hawapo, na hali ya hewa ni nyingine. Baada ya muda mrefu, hata wakikutana na jamaa zao wa bara, hawaoani. Wapo wasomaji ambao habari hizi huwatia wasiwasi, wakadhani kwamba kumkiri ndege aliyebadilika ni kuikana kudra ya aliyemuumba. Nami sioni njia ya wasiwasi huo, kwa maana Mwenye kuumba hakutuwekea sharti kwamba kazi yake lazima iwe imekwisha siku ile ile ya kwanza, na anayeona rehema katika mtoto kutofanana sawasawa na babaye hana sababu ya kuikosa katika chozi wa Pemba.

Wasiwasi wangu mimi uko penginepo. Wale wanaoisifu uzla husema kwamba humwondolea mtu hofu, husuda na hila, mambo ambayo huzaliwa na kuishi miongoni mwa wengi. Na kama hilo ni kweli, basi hapana walii aliyefika daraja ya dodo wa kisiwa cha Morisi. Ndege huyu alikuwa wa jamaa ya njiwa, aliyekaa mahali pasipo na mnyama wa kumwinda kwa muda mrefu kiasi cha kuziacha mbawa zikadhoofu, kwa kuwa kuruka ni kazi ya gharama, na mwili usiolazimika kulipa gharama huacha kulipa. Akawa mkubwa, akatembea chini, akataga yai lake chini, na alipomwona mtu hakukimbia. Waholanzi walifika mwaka 1598, na pamoja nao, au nyuma yao, wakaja panya, nguruwe na nyani, wala si upanga wa baharia uliommaliza dodo hasa, bali wanyama hao waliokula mayai na makinda, pamoja na kufyekwa kwa misitu. Mara ya mwisho inayokubalika na wengi kwamba alionekana ni mwaka 1662. Umri wa mtu mmoja ulitosha kuyafuta yaliyotengenezwa kwa maelfu kwa maelfu ya miaka.

Basi je, utulivu wa dodo ulikuwa fadhila? Nadhani hapa ndege hutufunza jambo ambalo majadiliano ya wanadamu huwa yanalipita pembeni. Fadhila ni ile iliyojaribiwa, na asiyeogopa kwa kuwa amelishinda lenye kuogopesha si sawa na asiyeogopa kwa kuwa hakupata kuliona. Utulivu wa kisiwani haukuwa mali ya ndege. Ulikuwa mali ya bahari iliyomzunguka, naye aliuazima tu kwa muda ambao bahari ilikubali kumwazima. Hilo halimpunguzii kitu. Ukamilifu wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa ukamilifu wa mahali pake, na mahali pakibadilika haukuwa na pa kusimama.

Jambo hili lilimpitia, kwa njia yake, Ibn Tufail wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alipotunga kisa cha Hay bin Yakdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, akanyonyeshwa na paa, na kwa kutazama na kufikiri, bila mwalimu wala kitabu, akafikia kumjua Mola wake. Katika kisiwa cha jirani kilichokaliwa na watu walikuwako marafiki wawili, Absal aliyependa uzla na Salaman aliyependa khalta, na Absal alipokuja kujitenga katika kisiwa cha Hay, wakajuana, wakasomeshana, kisha wakasafiri pamoja kuwaendea watu wa Salaman ili wawafikishie ile hakika. Watu wale hawakuiweza. Kila Hay alivyozidi kuwabainishia ndivyo walivyozidi kumkimbia, hata akafahamu kwamba lile alilolipata katika upweke wake halihamishiki kwenda kwa umma uliozoea mengine, akawaomba radhi, akarudi kisiwani kwake na Absal, wakakaa huko katika ibada mpaka walipofikwa na mauti. Wafasiri wameandika mengi juu ya kisa hiki, na wengi huangalia akili ya Hay. Mimi naangalia mashua iliyomrudisha. Mwandishi alimpa Hay kisiwa cha kurudia, ambacho wakati wa kutokuwapo kwake hakuna aliyekihamia wala aliyekikata miti. Dodo hakupewa hicho.

Ingekuwa si haki, hata hivyo, kusema kama kwamba bara lote ni khalta tupu. Misitu ya milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ni visiwa pasipo bahari, kwa kuwa ndege wa baridi na ukungu hawezi kuishuka nyika kavu iliyo baina ya mlima na mlima sawa na vile yule wa Pemba asivyoweza mkondo. Mwaka 1991, katika Udzungwa, wataalamu waliona miguu ya ndege ndani ya chungu cha chakula, wakaulizana ni ya nani, na kumbe ni ya kwale asiyejulikana na elimu, ambaye jamaa zake wa karibu hawako Afrika hata kidogo bali wako Asia. (Wenyeji waliompika, bila shaka, walimjua vizuri kuliko hao waliomshangaa.) Kwa hiyo tofauti ya kisiwa na bara si tofauti ya maji na nchi kavu, ni tofauti ya masafa, na masafa hupimwa kwa uwezo wa yule anayepaswa kuyavuka. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye jamaa zake wameenea kutoka Asia mpaka Bukini na Komoro, alivuka bahari kuu mpaka Pemba, na mwenziwe akafika Mafia, na wote wakasita hapo, wasijenge makao Mrima ulio karibu namna ile. Sijaona tafsiri ya jambo hilo iliyonikinaisha.

Turudi Pemba, maana huko uzla imekwisha guswa. Katika karne ya kumi na tisa misitu ilifyekwa kwa wingi ikapandwa mikarafuu, na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu hasa. Msitu wa asili ukabakia vipande, kilicho kikubwa kikiwa Ngezi, huko kaskazini. Ndege wale wanne hawakulipokea badiliko hilo kwa namna moja. Chozi na kile kijindege cha jicho jeupe walihamia mashambani na mabustanini kama kwamba yamelimwa kwa ajili yao. Bundi alijaribu mikarafuu mikongwe iliyoachiwa magugu, ikamfaa kwa kiasi. Ninga, mwenye kuhitaji miti mikubwa ya matunda na mwenye nyama itamaniwayo, ndiye mwenye dhiki zaidi, na yeye na bundi leo huhesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Tena wageni wamekuwa wengi katika visiwa vyetu, baadhi wakiletwa kwa nia njema, kama kunguru wa Kihindi aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, naye baada ya kuzila taka akageukia mayai na makinda ya ndege wengine, akaenea pwani yote.

Sasa ile hesabu ya MacArthur na Wilson. Kwa mujibu wake, idadi ya aina kisiwani yaweza kukaa karibu pale pale, hali wenye kuijaza idadi hiyo wanabadilika: mmoja akitoweka, mwingine huja akaijaza nafasi. Tuchukulie kwamba ninga wa Pemba ametoweka, na ninga wa bara, aliye jamaa yake, akavuka akakaa mahali pake akila kuyu zile zile. Karani wa kuhesabu ndege ataandika idadi ile ile, na mkuyu hautajua kwamba mlaji amebadilika. Ni nini, basi, kilichopotea? Wapo watakaojibu kwamba hakuna, na jibu lao si la kipuuzi kama linavyosikika, kwani wanaweza kutuelekeza Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, ambako kuna ndege wa mabwawani, jamaa ya kukuziwa, asiyeweza kuruka. Mifupa iliyochimbwa huko ilionyesha, kama ilivyotangazwa mwaka 2019, kwamba kabla ya kisiwa hicho kufunikwa na bahari yapata miaka 136,000 iliyopita, alikuwako ndege wa namna hiyo hiyo aliyekwisha poteza uwezo wa kuruka, naye akafa na kisiwa. Kisha maji yaliposhuka, jamaa zake wenye mbawa wakaruka tena kutoka Bukini, na uzla ikawafanya tena kile kile ilichowafanya wa kwanza. Kama maumbile yaweza kuirudia kazi yake, ya nini kumlilia ninga mmoja?

Jibu langu ni kwamba Aldabra hutoa ushahidi kinyume cha wanavyodhani. Kazi ile ilirudiwa kwa masharti mawili: maelfu ya miaka, na bahari isiyovukwa na mtu. Sharti la kwanza pengine tunalo, kwa kuwa wakati si wetu wala haukwishi kwa sisi kwisha. La pili halipo tena. Mlango wa Pemba una kina kile kile, lakini meli huuvuka usiku na mchana, na ndani ya meli mna panya, na mbegu, na paka, na watu wenye mashoka. Na ninga wa bara ambaye angevuka leo, hata akizaa kizazi juu ya kizazi chini ya mikuyu ya Ngezi, hataweza kuipata ile uzla iliyomtengeneza mwenziwe, bali atabaki kuwa ninga wa bara akaaye Pemba.